Kiwambo, Mshipa na Kicheko cha Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza miezi miwili ya uhuru wake, wasichana watatu wa shule ya kati ya misheni kijijini Kashasha, maili 25 kutoka Bukoba mjini, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Kashasha leo imo katika Wilaya ya Muleba. Wakati ule ilihesabiwa katika Wilaya ya Bukoba. Wenzao wakafuatia, mmoja baada ya mwengine. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kushikwa.

Asomaye habari hii mara ya kwanza aghalabu hutabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililowadhulumu wasichana wale. Madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, waliochapisha taarifa yao katika jarida la tiba la Afrika ya Kati mwaka 1963, hawakueleza furaha hata kidogo. Walieleza kicheko na kilio vikipokezana kwa dakika chache au saa kadhaa, kisha utulivu, kisha yakaanza tena. Kwa wengine hali hiyo iliendelea mpaka siku 16. Aliyezuiwa kwa nguvu alipigana. Wapo waliosema kuna vitu vinazunguka kichwani mwao, na kwamba wanaogopa yupo mtu anayewakimbiza.

Madaktari waliupekua mwili kiungo baada ya kiungo. Homa hapana. Kifafa hapana, wala kuzimia. Damu ilipimwa, na maji ya uti wa mgongo yakatolewa na kutazamwa, ili kujua kama ubongo au utando wake umeingiliwa na maradhi. Vyote vilikuwa salama. Mambo mawili tu yalionekana. Walipogonga kano za miguu, mara nyingi mguu uliruka kuliko kawaida. Na mboni za macho mara nyingi zilikuwa zimepanuka. Mboni zilizopanuka humfanya mganga afikirie sumu, mathalani ya mnanaha (si nanaa ya chai), mmea ambao mbegu zake humtia mtu wazimu wa muda. Lakini mboni ya aliyekula mnanaha hukaa wazi hata ikimulikwa. Mboni za wasichana hawa zilijikunja zilipopigwa na mwanga, kama mboni ya mtu yeyote aliyeshtuka.

Hapa yafaa kusimama kidogo kwenye majina ya viungo, kwa kuwa wapenzi wa lugha wana haki yao katika elimu hii kama walivyo nayo matabibu. Kiungo kikuu cha kicheko si kinywa, ni kiwambo: msuli mpana uliotandazwa baina ya kifua na tumbo. Jina hilo linakwenda na kazi ya waunda ngoma, maana kuwamba ni kuivuta ngozi juu ya mzinga mpaka ikaze na kutoa sauti. Kiwambo cha mwili kikishuka, mapafu hujaa hewa. Kikipanda, hewa hutoka. Katika kicheko hewa hiyo husukumwa nje kwa mikupuo mifupi mifupi, ikipita kooni penye nyuzi za sauti, na ndiyo maana achekaye sana hushika mbavu na kutafuta pumzi. Kwikwi ya kilio hutumia vyombo vivyo hivyo. Hadithi zilizosambaa baadaye, kwamba watu walicheka miezi mizima bila kusita, zimeyasahau mapafu.

Na mshipa? Neno hili pwani limebebeshwa mzigo mzito: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, hata ngiri nayo huitwa mshipa. Wataalamu wa istilahi wamejaribu kulipunguzia mzigo kwa kuleta neva, na kwa darasa la biolojia wamefanya vyema. Lakini ugonjwa wa Kashasha ulikuwa ni wa mshipa kwa maana ile ya zamani, ambapo damu, fahamu na khofu havijatenganishwa bado.

Wenyeji walikuwa na jina lao. Wahaya waliuita enwara yokusheka, ugonjwa wa kucheka. Sheka yao ni cheka yetu, na ni teka ya mshairi wa Lamu. Waliuita pia akajanja, yaani wazimu. Madaktari, baada ya kukosa kijidudu na kukosa sumu, walihukumu kuwa ni histeria ya umma. Nalo ni jina la kiungo. Wayunani waliitoa histeria katika neno lao la mfuko wa uzazi, wakidhani kuwa ndio unaowahangaisha wanawake. Waama, jina hilo halikutosha. Shule ilipofungwa wasichana walirudi makwao, na huko Nshamba, ambako baadhi yao walikuwa wakiishi, watu 217 walishikwa katika miezi ya Aprili na Mei, wengi wao vijana na wanafunzi, wa kike na wa kiume. Vijana wa kiume hawana mfuko huo.

Kashasha ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei. Wasichana 57 wakashikwa, na milango ikafungwa upya. Mwezi Juni zamu ikawa ya shule ya wasichana ya Ramashenye, kandokando ya mji wa Bukoba, ambako walishikwa 48 kati ya 154. Hakufa mtu. Walimu wa Kashasha hawakuguswa.

Mwaka 2007 mtaalamu wa lugha, Christian Hempelmann, aliipitia upya taarifa ile na kuonyesha kwamba kicheko kilikuwa dalili moja tu miongoni mwa nyingi, na kwamba chanzo kilichoelekea kuwa cha kweli ni dhiki iliyowaelemea vijana, ikapita kutoka kwa mmoja hadi mwengine kwa kuonana na kusikiana. Hoja yake ina nguvu. Hata hivyo taarifa ya 1963 ilikuwa imekwisha kubeba kucheka katika anwani yake, na anwani ndiyo iliyosafiri. Kilio kilibaki katika kurasa za ndani, pamoja na yule mtu aliyekuwa akiwakimbiza, ambaye hakuna kipimo cha damu kilichomwona.