Gofu ya visahani katika viwanja vya chuo

Gofu ya visahani ni mchezo ambao mchezaji hurusha kisahani cha plastiki badala ya kupiga mpira kwa fimbo. Huhesabiwa mirusho anayotumia hadi kisahani kitue katika kikapu cha chuma, na mwenye mirusho michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kwa kawaida uwanja huwa na vikapu 9 au 18.

Nchini Marekani mchezo huu umeota mizizi vyuoni. Mfano mashuhuri ni Chuo Kikuu cha Winthrop, mjini Rock Hill, jimbo la South Carolina, ambako mashindano ya ubingwa wa Marekani yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1999. Ken Climo alikuwa bingwa wa kwanza.

Chimbuko

Uwanja wa kwanza wa kudumu uliandaliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, na Ed Headrick, aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya Wham-O inayojulikana kwa kisahani cha Frisbee. Mwanzoni wachezaji walilenga nguzo tupu. Baadaye Headrick alibuni kikapu chenye minyororo inayoning'inia, ambayo hupunguza kasi ya kisahani na kukiangusha ndani. Mwaka 1976 aliasisi chama cha wachezaji wa kulipwa. Alifariki dunia mwaka 2002, na kwa matakwa yake majivu ya mwili wake yalichanganywa katika plastiki ya visahani.

Vifaa na kanuni

Kwa mujibu wa kanuni, kisahani hakipungui upana wa sentimita 21 wala hakizidi uzito wa gramu 200. Vipo vya masafa marefu, vya masafa ya kati na vya kumalizia karibu na kikapu. Kisahani kinaporushwa kwa mkono wa kulia kutoka upande wa kushoto wa mwili, huelekea kushoto kadiri kasi inavyopungua. Hivyo mchezaji hodari hukadiria mkunjo huo mapema.

Katika uwanja wa Winthrop mipaka huwekwa kwa kamba, na ziwa lipo kando. Kisahani kikivuka mpaka, mchezaji huongezewa mrusho mmoja wa adhabu. Aliye ndani ya mita 10 kutoka kikapu hapaswi kusonga mbele kabla ya kuonyesha kwamba amesimama imara baada ya kurusha.

Usalama

Eneo la chuo ni njia ya wengi: wanafunzi waendao darasani, wafanyakazi na wageni. Kisahani chenye ukingo mwembamba kinaweza kumjeruhi mtu. Kwa hiyo kanuni zinamkataza mchezaji kurusha iwapo yupo mtu anayeweza kupigwa. Humlazimu kusubiri hadi apite, hata kama kusubiri huko kunamvunjia utulivu wake katika mrusho wa kuamua ushindi.