Kadi iliyolipia kitanda

Wengi wetu tulikutana na neno bima tukiwa tumeshasimama kaunta. Mgonjwa yuko kwenye benchi, karani anaangalia kompyuta yake, halafu anasema: "Kadi hii haifanyi hapa." Au: "Inafanya, lakini sio kwa hiyo operesheni." Tunarudi nyumbani tukisema wametukataa kwa sababu sisi ni wakimbizi. Mara nyingine ni kweli. Lakini hapa Kenya hata mwenyeji aliye nyuma yako kwenye laini anaweza kupewa jibu hilo hilo, na jibu lenyewe lina umri kuliko sisi vijana wote.

Mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, Kenya ilianzisha mfuko wa bima ulioitwa NHIF. Herufi hiyo ya H ilikuwa ya hospitali, sio ya afya. Mfuko ulitengenezwa kwa mtu wa ajira, mwenye mshahara wa shilingi 1,000 kwenda juu kwa mwezi. Mwajiri anamkata shilingi 20, basi. Fundi viatu, mama mboga, mkulima, wote hawakuwemo. Mwaka 1972 waliruhusiwa kujiunga kwa hiari, lakini mfuko ulikuwa umeshazoea pesa inayotoka kwa bosi kila mwezi. Sasa ukawa unamngoja mtu ambaye leo amepata, kesho hajapata. Akiruka miezi, siku anapougua kadi imelala.

Na ulilipia nini? Kwa miaka mingi, hasa kitanda. Ukilazwa, mfuko uliipa hospitali kiasi fulani kwa kila siku uliyolala. Kilichozidi, jipange. Mikataba pia haikuwa sawa: hospitali za serikali zilikuwa na yake, nyingi za misheni na za watu binafsi zilikuwa na yake ambapo mgonjwa huongeza pesa akipasuliwa, na zile za bei kali zilipokea tu kiasi cha siku, na wewe unamalizia. Ndiyo maana kadi moja ilipata majibu matatu kwenye milango mitatu. Karani hakuwa anatunga. Shida ni kwamba hakuna aliyetuambia kabla ya kulazwa.

Mwaka 2015 michango ilipandishwa, wa hiari wakafika shilingi 500 kwa mwezi, na matibabu ya kuja na kurudi yakaongezwa. Na sisi? Tulioko mjini, baadhi yetu tuliingizwa NHIF kwa msaada wa UNHCR. Kwa familia nyingi ndiyo ilikuwa kadi yao ya kwanza ya bima maishani, na tusidharau: kuna akina mama walijifungua kwa kadi hiyo bila kuuza kitu. Kule Kakuma na Dadaab mambo yalibaki kwenye kliniki za mashirika. Huko kuna rufaa. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 2009 unataka kesi za hospitali kubwa zipimwe kwa gharama yake na kwa matumaini ya mgonjwa kupona. Bajeti ni ndogo, tunaelewa. Lakini ninyi ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mama akiambiwa "hapana" bila sababu, anaondoka akidhani kuna mtu amemchukia. Mwambieni sababu, hata kama inauma.

Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena, kuna SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, sistimu inakisia kipato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Ila sheria ilimtaka alipe mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 mkupuo mmoja kwa mtu anayekula kwa kibarua cha siku. Ni kama tumerudi 1972.

Kuna kitu kimoja cha kushika mkononi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inaposema juu ya haki ya afya inasema kila mtu. Haisemi kila raia. Na inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Pia Septemba 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi, Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa sababu ya bili. Jaji alisema kuwazuia kulivunja haki zao. Deni hudaiwa kama deni lingine lolote, sio kwa kumfungia mzazi na mtoto wodini. Wale ambao leo mna mtu ameruhusiwa na daktari lakini askari wa getini anauliza risiti, itajeni hukumu hiyo, na mwiteni mwanasheria wa shirika mapema, kabla kila siku ya kulala haijaongezwa kwenye bili.