Uzi wa Kitambaa cha Mtoto

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuona ukurasa huu, ambao umezoea kukuletea habari za maulamaa na miji ya kale, leo unasema juu ya kitambaa cha kifuani cha mtoto mchanga, kile afungwacho shingoni ili nguo yake isirowe udenda na maziwa. Nakuomba subira. Nina deni katika jambo hili, nalo ni deni la zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu kijana, mwenye fimbo ndefu na elimu fupi. Katika darasa la wasichana alikuwamo mmoja aliyekuwa akificha kazi chini ya mtandio wake, na siku moja nikamkamata akifuma kitambaa cha mtoto katikati ya somo. Nilimpokonya kwa hamaki hata sindano ikachomoka. Nikakikunjakunja kile kitambaa, nikakitia ndani ya mtoto wa meza, na nikamwambia mbele ya wenziwe kuwa ule ni upuuzi wa watu wasiokuwa na kazi. Jioni mama yake akaja nyumbani kwangu. Hakuja kugomba. Alisimama mlangoni akasema, "Maalim, mtoto kakosa, mtie adabu. Lakini uzi si wetu. Mwenyewe keshautoa, na kitambaa anakitaka Ijumaa."

Nilipofungua mtoto wa meza, nusu ya kazi ilikuwa imefumuka.

Yafaa nieleze kwa nini ilifumuka, kwani hapo ndipo ilipo siri ya ufundi wenyewe. Mwenye kufuma kwa sindano mbili hushikilia vitanzi vingi kwa pamoja, safu nzima. Mwenye kufuma kwa kikulabu hana ila kitanzi kimoja. Huingiza kikulabu, huvuta uzi, na kitanzi kipya huzaliwa ndani ya kile cha kwanza, kisha kingine ndani ya hicho. Kazi ya siku tatu yote imening'inia katika kitanzi kimoja kilicho wazi. Kikiachiliwa na uzi ukavutwa, safu hufuata safu mpaka mwanzo. Kitambaa cha mtoto ndicho aghalabu kazi ya kwanza ya mwenye kujifunza, kwa kuwa ni bapa na kidogo. Huanza na mkufu wa vitanzi wenye upana wa kiganja na zaidi, akaenda na kurudi mpaka kikawa mraba, kisha huko juu akagawa pande mbili ili kuacha nafasi ya shingo, akamalizia kwa kifungo au vikamba viwili. Uzi uwe wa pamba, maana pamba hunywa maji na hustahimili kufuliwa. Uzi wa nailoni hung'ara dukani lakini udenda huteleza juu yake. Na vikamba viwe vifupi, na mtoto avuliwe kabla ya kulazwa. Haya nimefundishwa na mke wangu, nami nimeyasikiliza kwa adabu.

Sasa, ufundi huu umetoka wapi? Wapo wenzetu wapendao kusema kuwa ulianzia Uarabuni. Ningependa iwe hivyo, lakini kupenda si ushahidi. Soksi za pamba, za buluu na nyeupe, zilizochimbuliwa Misri na ambazo ni za zama za Waislamu wa kale, ni kazi nzuri mno, ila zilifumwa kwa sindano zaidi ya moja. Kufuma kwa kikulabu ni jambo la juzi. Vielelezo vya mwanzo vilivyopigwa chapa vilitoka katika gazeti moja la wanawake la Uholanzi liitwalo Pénélopé, mwaka 1823, navyo vilikuwa vya vifuko vya fedha. Jina lake la Ulaya, kroshe, ni neno la Kifaransa, na maana yake ni hicho hicho kikulabu.

Hata hivyo si katika vifuko vya matajiri ufundi huu ulipojulikana thamani yake, bali katika njaa. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika mashamba ya viazi ya Ayalandi, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Uingereza. Maskini wa huko walikuwa wakila viazi asubuhi na jioni. Vilipooza ardhini hawakuwa na cha kushika. Katika miaka michache watu kiasi cha milioni 1 walikufa, na wengine zaidi ya milioni 1 wakapanda meli kuihama nchi, ilhali nafaka na mifugo ikiendelea kupakiwa bandarini kwenda kuuzwa Uingereza. Soma tena sentensi hiyo, ndugu yangu, usiipite mbio.

Katika dhiki hiyo masista wa Kiursula wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, waliwafundisha wasichana maskini kufuma kwa kikulabu. Huko kaskazini, katika mji wa Clones, Cassandra Hand, mke wa kasisi wa Kiprotestanti, alianzisha mafunzo kama hayo mwaka 1847. Hao walikuwa watu wa madhehebu yasiyopendana, lakini njaa iliwakutanisha kwenye uzi mmoja. Vifaa vilikuwa vya kimaskini: sindano ya kushonea iliyokatwa tundu lake ikabaki kikulabu, imechomekwa katika kipande cha mti. Walifuma kola, vikofia vya watoto wachanga na mapambo ya mikono ya nguo. Jamaa hii ilifuma maua, ile ikafuma majani, mwingine akaunganisha. Kwa kuwa nyumba zao zilijaa moshi, kazi ilitoka nyeusi, ikabidi ifuliwe na kung'arishwa kabla haijafika kwa wanunuzi. Ujira huo ulilipa kodi za nyumba na nauli za meli za Marekani. Sidhani kama kola moja ilivaliwa na mtoto wa aliyeifuma.

Na hapa msomaji wa gazeti hili ana lake la kujua. Mwaka huo huo wa 1847 Sultani Abdülmecid wa Uturuki alipeleka pauni 1,000 kuwasaidia wenye njaa wa Ayalandi, na barua ya shukrani iliyotiwa saini na wakubwa wa huko imehifadhiwa Istanbul. Wasimulizi wamelipamba jambo hili kwa pauni 10,000 na merikebu za siri. Zilizoandikwa ni 1,000, nazo zatosha. Lakini nilipoisoma habari hiyo nilijiuliza: pauni za Sultani zililiwa zikesha, kile kikulabu kikaendelea kulisha miaka mingi baada yake. Miaka ya 1880 viwanda vya Uswisi na Ujerumani vilianza kuiga kazi ile kwa mashine, na baada ya vita vya mwaka 1914 mitindo ya mavazi ikabadilika, soko likaporomoka. Hapo katikati kilipita kizazi na kizazi.

Sisi hatukuhitaji kwenda Ayalandi kulijua hili. Bibi Zaynab binti Jahsh, mke wa Mtume (S.A.W.), aliyefariki mwaka wa 20 wa Hijra, alikuwa akidabighi ngozi na kushona kwa mkono wake, na alichopata akakitoa sadaka. Nililisomesha jambo hilo mwaka ule ule wa 1988, huenda katika wiki ile ile, na mbele yangu alikaa msichana mwenye kazi mkononi nisimwone. Na katika pwani yetu, ni nyumba ngapi zimejengwa kwa kofia za viua, zilizoshonwa na wanawake usiku watoto wakishalala?

Turudi mlangoni kwangu. Nilimkabidhi mama yule uzi, umetatizana kama kiota. Sindano ilikuwa ingali sakafuni darasani. Nilikwenda na tochi nikaitafuta. Ilikuwa njiti ya gurudumu la baiskeli, imekatwa, ikapigwa msasa na kupindwa ncha. Sikuomba radhi siku ile kwa maneno, kwani ujana una kiburi chake. Nilisema tu waingie ndani, kwetu kuna kandili nzuri. Msichana alikaa mkekani, mama yake akafumbua mafundo, mke wangu akashika bonge la uzi usitatizike tena. Hakunitazama hata mara moja. Ilipoadhiniwa Isha alikuwa amefika shingoni.