Sauti ya Mtoto na Uhai wa Kitabu

Wazee wa mwambao husema kuwa elimu ya utotoni ni nakshi juu ya jiwe. Apitaye alasiri katika mitaa ya Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, huisikia nakshi hiyo ikichongwa. Nyuma ya kelele za wachuuzi na honi za magari hutoka sauti za watoto wa chuoni wakirudia aya, mmoja akitangulia na wengine wakifuatia. Kariakoo yenyewe ni jina la mizigo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916, hapo palikuwa na kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na ndimi za watu zikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo.

Chuoni nako mtoto hufunzwa kubeba. Huanza na herufi, huingia Juzuu Amma, hupanda juzuu baada ya juzuu mpaka auhitimu msahafu. Siku ya khitma husomeshwa mbele ya watu, wazazi hufurahi na mwalimu hukumbukwa. Naye akishabalehe huwa mukallafu: sala na saumu ni juu ya shingo yake mwenyewe.

Wayahudi wanalo jambo hilo kwa sura nyingine. Mvulana atimizapo miaka 13 huitwa bar mitzva, yaani mwana wa amri. Msichana, kwa kawaida atimizapo miaka 12, huwa bat mitzva, binti wa amri. Sheria humshika kwa umri wake tu, hata pasipo sherehe. Lakini desturi imetaka asimame sinagogini, mbele ya wakubwa, asome. Na kusoma huko si kwepesi. Gombo la Torati huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, kwa herufi tupu, bila alama za irabu wala za mahadhi. Yote mawili msomaji huyaleta kutoka kifuani. Mpenzi wa tenzi atauelewa ugumu huo akizikumbuka hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo e na i, o na u, huweza kubeba alama moja. Karatasi hutoa mifupa, na sauti ndiyo iletayo nyama. Kwa hiyo kijana hutumia miezi mingi akijifunza sehemu yake, na siku ikifika hufuata mstari kwa kijiti chenye ncha ya umbo la mkono, kwani gombo haliguswi kwa kidole. Baba yake naye, kwa desturi ya kale, humshukuru Mungu kwa kutuliwa dhima ya mwanawe.

Katika Afrika Mashariki, Wayahudi waliohamia Nairobi walijenga sinagogi lao hapo mwaka 1913. Lakini chuo cha Kiyahudi kilichoota katika udongo wenyewe kilianzia Uganda, karibu na Mbale, chini ya Mlima Elgon. Mwanzilishi wake, Semei Kakungulu, alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza na kuwatekea nchi za mashariki, kisha akavunjwa moyo nao. Alijiunga kwanza na madhehebu ya Bamalaki, walioitukuza Jumamosi. Kadiri alivyoisoma Biblia ya Kiganda ndivyo alivyozidi kuvutwa na sheria ya Musa. Mwaka 1919 alijitahiri na kuwatahiri wanawe. Alipoambiwa kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, akajihesabu Myahudi. Wafuasi wake wakaitwa Abayudaya.

Hawakuwa na rabi, wala gombo, wala Kiebrania. Walikuwa na Biblia katika lugha yao na hamu ya kuitii. Mwaka 1920 alifika Myahudi mmoja aitwaye Yosef, akakaa nao kwa miezi kadhaa, akawafunza kalenda ya sikukuu, uchinjaji na dua. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha kurasa zipatazo 90 kwa Kiganda, kiwe mwongozo wa dini. Mwaka huo huo, mjini New York, binti wa miaka 12, Judith Kaplan, alisimama mbele ya waumini na kuwa bat mitzva wa kwanza kuadhimishwa hadharani nchini Marekani. Mbale na New York hazikujuana, ila zote mbili zilikuwa zikijiuliza nani mwenye haki ya kusoma.

Kakungulu alifariki mwaka 1928, na wengi wakatawanyika. Mtihani mkubwa ulikuja baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971. Dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa. Mvulana aliyezaliwa mwaka 1959 alitimiza miaka 13 mwaka 1972: amri zilimshika kama zilivyowashika babu zake, lakini hakuwa na mahali pa kusimama akasikika. Waliobaki walisali kwa siri. Kitabu huweza kunyang'anywa na mlango kutiwa kufuli. Kilichohifadhiwa kifuani hakina mlango. Katika jumuiya iliyowahi kufikia watu wapatao 3,000, walibaki kama 300.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuingia Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani, ambayo mezani pake mtoto mdogo ndiye aulizaye maswali. Askari waliotoka Tanzania hawakwenda kwa ajili hiyo. Hata hivyo, kwa vita vyao kinywa kilichozibwa kilifunguliwa.

Vijana wa miaka ya 1980 waliikusanya jumuiya upya katika kilima cha Nabugoye, wakiimba Zaburi kwa Kiganda na kwa Kiebrania walichojifunza. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alipata urabi baada ya masomo yake Los Angeles. Wasichana wa Nabugoye nao wakaisoma Torati kama kaka zao.

Jambo moja huviunganisha vyuo hivi viwili. Chuoni Kariakoo mtoto akikosea irabu, mwalimu humkatiza, naye hurudia aya. Sinagogini msomaji akikosea neno linalogeuza maana, wasikilizaji humsahihisha papo hapo kwa sauti, naye hurudi nyuma. Hakuna anayeona haya. Kitabu hulindwa na sikio la mkubwa kama kilindwavyo na ulimi wa mdogo; na pale mdogo anaponyamazishwa, sikio nalo halina la kulinda.