Utunzaji wa paka wa mitaani mwenye mimba (Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa)

Utunzaji wa paka wa mitaani mwenye mimba ni mambo yote anayofanyiwa paka jike asiye na mwenyewe, tangu aonekane ana mimba hadi watoto wake waache kunyonya. Katika Wilaya ya Kyela, kusini mwa Mkoa wa Mbeya, kazi hii hufanywa na watu wa kawaida: wenye nyumba, walinzi wa maghala ya mpunga, mama lishe na wauza samaki. Haihitaji fedha nyingi. Inahitaji chakula cha kutosha, mahali pakavu na mtu mwenye subira ya kumwacha mnyama afanye kazi aliyoumbiwa.

Mazingira

Kyela ni tambarare iliyo kati ya Milima ya Livingstone upande wa mashariki na Mto Songwe, mpaka wa Malawi, upande wa magharibi. Ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi kuliko zote, na kati ya Machi na Mei mito Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika mara kwa mara. Mazao makubwa ni mpunga, kakao na michikichi.

Mpunga ndio uliompa paka nafasi yake hapa. Penye magunia pana panya, na penye mashine ya kukoboa hapakosi paka wawili watatu wanaolala juu ya magunia bila kuulizwa wametoka wapi. Kundi la pili huishi kwenye mialo ya Ziwa Nyasa, kama ile ya Matema, ambako usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, huanikwa juani na mabaki ya samaki hayakosekani. Hawa wa mialoni hunona zaidi, lakini huwa waoga, kwa kuwa hufukuzwa kwenye vichanja kutwa nzima.

Uzazi

Paka anayefugwa ana asili ya paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, na bado ana tabia nyingi za babu yake. Joto la jike, yaani hamu yake ya kupandwa, hufuata urefu wa mchana. Katika nchi za kaskazini, majike hupumzika miezi ya baridi kwa sababu siku ni fupi. Kyela iko takriban nyuzi 9 na nusu kusini mwa ikweta, ambako mchana haubadiliki sana, hivyo paka wenye mimba huonekana mwaka mzima.

Yai la paka hutoka baada ya kupandwa, si kabla. Jike akipandwa na madume kadhaa katika joto moja, watoto wa uzao huo wanaweza kuwa na baba tofauti. Mimba huchukua siku 63 hadi 67, na kwa kawaida huzaliwa watoto 3 hadi 5.

Kutambua mimba

Karibu na wiki ya tatu chuchu huvimba kidogo na kuwa nyekundu. Tumbo huanza kuonekana wiki ya tano. Paka aliyekonda mbavu huku tumbo limejaa anaweza kuwa na minyoo tu, ndiyo maana chuchu huaminika kuliko tumbo. Kumbinya ili kuhesabu watoto ni hatari. Siku za mwisho huanza kupekuapekua pembe za nyumba, nyuma ya makabati na ndani ya majamvi yaliyokunjwa, akitafuta pa kuzalia.

Chakula

Hili ndilo jambo lenye uzito kuliko yote. Paka ni mla nyama halisi. Mwili wake unahitaji taurini, ambayo hupatikana katika nyama na samaki na haimo katika wali, ugali wala ndizi. Jike mwenye mimba akikosa taurini, mimba inaweza kuharibika tumboni, au watoto wakazaliwa dhaifu. Kwa hiyo sahani ya wali uliolowekwa mchuzi, ambayo wengi humpa kwa moyo mweupe kabisa, humshibisha bila kumlisha. Wali uwe kidogo sana, samaki ndio wawe chakula.

Usipa ni mali kubwa kwa paka wa Kyela. Huliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo huleta kalsiamu pamoja na protini. Waliokaushwa juu ya mchanga huoshwa kwa maji mengi hadi mchanga uishe chini ya beseni, kisha huchemshwa bila chumvi, bila kitunguu na bila pilipili, na hupondwa pamoja na maji yake ya kuchemshia. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kiwe kibichi au kimepikwa. Kuchemsha samaki si anasa: samaki wa jamii kadhaa, wakiliwa wabichi kila siku, huvunja vitamini B1 mwilini, na paka aliyepungukiwa huanza kuyumba na kupinda shingo. Utumbo wa kuku, maini kidogo na yai lililopikwa hukamilisha mlo. Maini yasiwe ya kila siku, kwa kuwa vitamini A ikizidi hudhuru watoto tumboni.

Tumbo likiwa limejaa watoto, chakula kingi hakiingii kwa mara moja. Milo 3 au 4 midogo hufaa kuliko mmoja mkubwa. Akishazaa na kunyonyesha, mahitaji hupanda hadi mara 2 au 3 ya kawaida, na hapo ndipo wafadhili wengi hupunguza mkono wakidhani kazi imekwisha. Maji safi yawepo saa zote. Maziwa ya ng'ombe si lazima: paka wengi wazima hawamudu sukari ya maziwa na huharisha.

Chakula kiwekwe mahali pale pale na saa ile ile. Kwa paka mwoga hii ndiyo njia pekee ya kumjengea imani, na humwezesha mtunzaji kumwangalia kila siku bila kumshika.

Mahali pa kuzalia

Kanuni ya kwanza Kyela ni kwenda juu. Boksi lililowekwa sakafuni Aprili linaweza kuamkia ndani ya maji, na kitoto cha paka hakiwezi kujiokoa. Boksi, tenga kuukuu au debe lililolazwa huinuliwa juu ya magunia, meza au matofali, mlango wake ukielekea ukutani, mahali pasipo na watu wengi wala mbwa. Mdomo wake uwe na kizingiti cha kimo cha kiganja ili watoto wasianguke.

Ndani hutandikwa khanga kuukuu au fulana ya pamba inayofulika. Pumba za mpunga, ingawa zimejaa kila mahali na ni za bure, hazifai: hunata kwenye manyoya mabichi ya mtoto na kuziba matundu ya pua. Maganda na vumbi la kakao nayo yakae mbali, kwa kuwa kakao ina sumu kwa paka na mbwa. Paka hana uwezo wa kuonja utamu, hivyo ni nadra aifuate mwenyewe.

Adui mwingine wa msimu wa mvua ni siafu. Msafara wao ukifika kwenye kiota usiku, watoto ambao hawajafumbua macho hawana pa kukimbilia. Miguu ya meza ikisimamishwa ndani ya makopo yenye maji, kiota huwa salama zaidi. Mafuta ya taa yasipakwe karibu, kwani mama huyalamba.

Paka akikataa boksi na kuchagua dari au rundo la majani makavu, aachwe huko, mradi hapavuji.

Kuzaa

Saa kadhaa kabla ya uchungu jike huacha kula, huhema haraka na huingia na kutoka kiotani. Mtoto hutoka ndani ya mfuko mwembamba. Mama huupasua kwa meno, humlamba mtoto usoni kwa nguvu hadi alie, hukata kitovu na kula kondo. Huu ulambaji unaoonekana wa kikatili ndio unaoamsha pumzi. Kati ya mtoto na mtoto hupita dakika 10 hadi saa moja, na paka mwingine hupumzika saa nyingi akiwa mtulivu kabla ya kuendelea.

Mtu huingia kati kwa sababu chache tu. Mama asipopasua mfuko, hupasuliwa kwa vidole safi, pua ikafutwa na mtoto akasuguliwa kwa kitambaa kikavu. Mama akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, akivuja damu nyingi, au akitoa uchafu wenye harufu mbaya, anahitaji daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Watoto huwa na uzito wa takriban gramu 100. Lazima wanyonye dang'a siku ya kwanza, maana humo ndimo kinga yao ilimo. Hawawezi kujitunzia joto, na kitoto kilichopoa hupashwa joto kwanza kabla ya kulishwa chochote. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14.

Kosa linalogharimu maisha ya watoto wengi ni kuwaokota kwa kudhani wametelekezwa, ilhali mama ameenda kuwinda. Watoto walionyamaza na wenye matumbo yaliyojaa wana mama. Siku za mwanzo wasishikweshikwe, kwani mama akisumbuliwa huwahamisha mmoja mmoja kwa meno, pengine kuwapeleka mahali pabaya zaidi. Kuanzia wiki ya pili hadi ya saba ndipo huzoea watu, na atakayeshikwa kwa upole muda huo huwa paka wa nyumbani. Huanza kulamba chakula laini wiki ya nne, na wasitenganishwe na mama kabla ya wiki 8.

Dawa na sumu

Panadoli humuua paka. Hata nusu ya kidonge haifai. Dawa za kuogeshea ng'ombe zenye pemethrini, ambazo wafugaji wanazo majumbani, nazo ni sumu kali kwake hata kwa kumwagikiwa mgongoni. Viroboto huondolewa kwa chanuo la meno ya karibu. Albendazoli haifai wakati wa mimba. Dawa ya minyoo ichaguliwe na mtaalamu. Minyoo hupita kwa watoto kupitia maziwa, hivyo nao huanza dawa wakiwa na wiki 2 hadi 3. Panya aliyekula sumu anaweza kumwua paka aliyemla, na wenye maghala wachague moja: sumu au paka.

Paka anayenyonyesha akianza kutetemeka na kukakamaa amepungukiwa kalsiamu, na hilo ni jambo la dharura.

Afya ya watu

Mtu aliyeumwa au kuparuzwa na paka asiyejulikana aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya haraka kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa ukishaonyesha dalili hauna tiba.

Mama mjamzito asiondoe kinyesi cha paka, kwa ajili ya vimelea vya toksoplazma. Halazimiki kumfukuza paka. Mtu mwingine aondoe kinyesi kila siku, kabla vimelea havijakomaa, na mboga za bustani zioshwe vizuri.

Imani

Sehemu nyingi za Tanzania paka mweusi huhusishwa na uchawi, na majike weusi wenye mimba wamepigwa mawe kwa sababu hiyo isiyo na msingi wowote. Kwa Waislamu, hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula imemlinda mnyama huyu katika miji mingi ya pwani.

Kufunga kizazi

Jike anaweza kupata joto na kushika mimba nyingine huku bado akinyonyesha, kwa hiyo afungwe kizazi mara watoto wakiacha ziwa. Lamu, nchini Kenya, mji wenye paka wengi mno, umefanya hivyo kwa miaka mingi kupitia kliniki ya wanyama. Kwa mkazi wa Kyela, wa kuanzia ni afisa mifugo wa kata au wa wilaya.

Sheria

Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama Tanzania Bara.