Waangalizi wa Mvua na Pepo Katika Historia ya Unguja

Kabla ya vipimo vya kioo na shaba kufika Unguja, hali ya hewa ilisomwa na manahodha, wavuvi na wakulima waliohesabu mwaka wa siku 365 kuanzia Nairuzi, ambayo Makunduchi huadhimishwa hadi leo kwa Mwaka Kogwa, wakaugawa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, ili wajue lini kaskazi itakatika, lini kusi itaanza na lini mbegu ziingie ardhini. Elimu hiyo ilikuwa pana, lakini iliegemea mwendo wa misimu, hivyo haikuweza kuonya juu ya jambo ambalo wazee hawakulizoea.

Jambo hilo lilifika Aprili 15, 1872, pale kimbunga, yaani dhoruba inayozunguka kitovu chenye mgandamizo mdogo wa hewa, ambayo ni nadra sana karibu hivyo na ikweta, kilipozamisha merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu ya Unguja, huku ya Pemba ikinusurika. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu, na ni vigumu kutaja siku nyingine ambayo upepo peke yake uligeuza uchumi wa visiwa hivi kiasi hicho.

Huduma ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1929, makao yake yakiwa Nairobi, nayo ilitegemea sana walimu, wamisionari na mabwana shamba waliojitolea kusoma kipimamvua kila asubuhi. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini ina adabu yake: jicho hulingana na usawa wa maji, kiasi hakikisiwi, na siku kavu huandikwa sifuri, kwa kuwa nafasi tupu daftarini haielezi kama mvua haikunyesha au mwangalizi hakwenda. Zamani walihesabu kwa inchi. Leo ni milimita, ambapo milimita moja ni lita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika huduma yake, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilianza kama wakala mwaka 1999. Kituo cha uwanja wa ndege wa Kisauni hupima kwa uhakika, ila manyunyu ya Kizimkazi au wingu jeusi la Nungwi huonwa kwanza na mkazi wa huko, ambaye akifunzwa na kupewa njia ya kutoa taarifa, huziba pengo ambalo kituo kimoja hakiwezi kuliziba. Thamani ya taarifa hizo baharini si ya kubuni: Julai 18, 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali na mawimbi, na watu wengi wakapoteza maisha.