Matatu na Leseni: Msamaha wa 1973 na Yaliyoufuata

Sheria ya Kenya ya leseni za usafiri barabarani ilitungwa kwanza kwa ajili ya kuilinda reli. Katika miaka ya 1930 malori yalikuwa yameanza kuinyang'anya Reli ya Kenya na Uganda mizigo iliyokuwa ikiilipa vizuri, na serikali ya kikoloni, iliyobeba madeni ya reli hiyo, haikuwa radhi kulitazama tu jambo hilo. Mwaka 1937 ikatunga sheria iliyofuata mfano wa zile za Uingereza za mwanzoni mwa muongo huo, na chini yake ikaundwa Bodi ya Leseni za Usafiri. Mwenye gari aliyetaka kubeba watu au mizigo kwa malipo alilazimika kuiomba bodi, kueleza njia atakayopita na kuithibitishia kwamba huduma yake inahitajika. Waliokwisha kupata leseni waliruhusiwa kupinga ombi lake. Kwa hiyo bodi haikuangalia tu kama gari ni zima na dereva anaijua kazi. Iliangalia pia kama sokoni pana nafasi, na katika kulijibu swali hilo waliomo ndani walikuwa na sauti kubwa kuliko wanaobisha hodi.

Jijini Nairobi nafasi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Kampuni ya Overseas Motor Transport ya London ilianza kuendesha mabasi ya jiji mwaka 1934, ikiwa na mabasi 13, na huduma yake ndiyo iliyokuja kujulikana kama Kenya Bus Service, au KBS. Baada ya uhuru, mwaka 1966, Baraza la Jiji liliipa KBS haki ya peke yake ya kubeba abiria wa nauli ndani ya mipaka ya jiji, nalo baraza likapata robo ya hisa za kampuni. Mpango huo ulikuwa na kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa mamlaka iliyotakiwa kumtetea abiria ilikuwa sasa inapata sehemu ya faida ya kampuni pekee aliyoweza kuipanda kihalali.

Wakati huohuo jiji lilikuwa linafura. Sensa ya 1962 ilihesabu Nairobi watu wapatao 267,000; ya 1969 ikahesabu 509,000. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kupanuliwa kwa mipaka, lakini sehemu kubwa ilikuwa ya watu waliohamia. Masharti ya kikoloni yaliyomzuia Mwafrika kuingia na kukaa mjini yalikuwa yamekwisha, na waliokuja kutafuta kazi walikaa mbali na kazi zenyewe: Eastlands, Kawangware, Kangemi, Dagoretti, Mathare. Mabasi yalipita barabara kuu zenye lami, kwa saa zilizopangwa. Mtu wa zamu ya alfajiri katika viwanda vya Industrial Area, au mama aliyetaka kuwahi soko akiwa na gunia la sukuma wiki, hakuwa na basi la kumfaa.

Hao ndio abiria wa kwanza wa matatu. Magari yenyewe yalikuwa makuukuu: vani za Ford Thames, Peugeot za mkono wa pili na wa tatu, pikapu zilizopigiliwa mabenchi ya mbao pande zote mbili hata abiria wakakaa wakitazamana, magoti kwa magoti. Nauli ilikuwa vipande vitatu vya senti kumi. Magari hayo hayakuwa na leseni ya bodi, kwa hiyo kila safari ilikuwa kosa la jinai. Yalitoka kabla ya mapambazuko na yakarudi barabarani baada ya magharibi, na dereva alizijua njia za vumbi ambazo polisi hawakupenda kuzipita. Akikamatwa, alilipa faini mahakamani au alimalizana na askari palepale kando ya barabara. Wamiliki wengi hawakuwa matajiri. Walikuwa makarani, mafundi makanika na wafanyabiashara wadogo waliochanga fedha na ndugu zao hadi gari likapatikana.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliochunguza ajira nchini Kenya ulitoa ripoti iliyosomwa sana. Ilisema kazi za watu wadogo wasio rasmi ni sehemu hai ya uchumi, na kwamba serikali inaziumiza kwa kuzisaka kila siku. Ripoti ilipendekeza leseni zisizo za lazima ziondolewe, na mahali pake pawe na ukaguzi wa afya na usalama. Pendekezo hilo lina pande mbili, na upande wa pili ndio uliosahauliwa.

Mwaka uliofuata, 1973, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria kwa malipo bila leseni ya Bodi ya Leseni za Usafiri, mradi ziwe na bima na zifuate sheria za barabarani. KBS ililalamika, kwa sababu yenyewe ilibaki chini ya masharti yote ya mkataba wake: njia, ratiba, nauli, mabasi ya akiba. Amri hiyo haikuwa sheria iliyojadiliwa bungeni kifungu kwa kifungu. Ilikuwa neno la Rais, na wakati ule neno hilo lilitosha. Kwa maelfu ya familia lilikuwa neno la haki, kwani liliwatoa katika orodha ya wahalifu watu ambao kosa lao lilikuwa kuwafikisha wenzao kazini.

Msamaha uliondoa mambo mengi kuliko karatasi moja. Leseni ya bodi ndiyo iliyokuwa na njia ya gari, idadi ya magari katika njia hiyo na jina la anayewajibika. Ilipoondoka, vyote viliondoka nayo. Bima na sheria za barabarani zilibaki, lakini kazi ya kuzisimamia ikaangukia askari wa trafiki peke yake, anayeliona gari kwa dakika mbili na haijui historia yake. Ukaguzi uliopendekezwa mwaka 1972 haukuja. Hapa ndipo serikali ilipokosea: ilikuwa na haki ya kusamehe leseni iliyowalinda wenye mabasi, lakini pamoja nayo ikasamehe wajibu wake yenyewe wa kumlinda abiria.

Bila ratiba wala njia iliyogawiwa, kazi ilijipanga kwa fedha ya siku. Mwenye gari alimkabidhi dereva ufunguo asubuhi na kumtaka kiasi maalumu jioni. Mafuta yalitoka katika mapato ya siku, na kilichozidi kilikuwa cha dereva na makanga wake. Kwa mpango huo gari lililosimama lilikula jasho la dereva, na abiria mmoja zaidi kwenye ngazi ya mlango alikuwa faida yao halisi. Mbio, kujaza kupita kiasi na kugombania abiria stendini havikutokana na tabia mbaya ya vijana, kama ilivyozoeleka kuandikwa magazetini. Vilitokana na hesabu ya jioni. Kufikia 1979 Nairobi ilikuwa na matatu takriban 1,500, kutoka mia kadhaa wakati wa amri, na watu wa jiji walikuwa wamepita 800,000.

Jirani Tanzania ilifika mahali hapo kwa mlango mwingine. Dar es Salaam ilikuwa na shirika la umma, UDA, lenye haki ya peke yake ya kusafirisha watu jijini. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, mabasi yalikaa gereji kwa kukosa vipuri huku watu wakipanga foleni vituoni. Magari ya watu binafsi yakaanza kubeba abiria kwa kificho. Mwaka 1983 serikali iliyaruhusu, lakini haikuyasamehe kibali: wenye magari waliingia barabarani kwa ruhusa iliyopitia UDA na kuilipia. Hizo ndizo daladala. Tanzania iliendelea kushika uzi wa kibali hata ilipokuwa mnyonge, na uzi huo ulipita baadaye kwa mamlaka za kudhibiti usafiri: SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2001, kisha LATRA tangu 2019. Msongamano na mbio vilikuwapo Dar kama Nairobi, maana hesabu ya jioni ilikuwa ileile, lakini njia za magari zilibaki katika daftari la serikali.

Kenya ilianza kurudi nyuma mwaka 1984. Marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka huo yaliitaja matatu kwa jina lake kwa mara ya kwanza: gari la abiria lenye viti visivyozidi 25, bila kumhesabu dereva. Dereva alitakiwa kuwa na leseni maalumu ya magari ya abiria, na gari likapaswa kupitia ukaguzi. Wamiliki, waliokuwa wamesajili chama chao mwaka 1982, walilipinga jambo hilo kwa migomo, wakihofia gharama na hongo mpya. Sheria ilipita. Chama kiliendelea kuwa na nguvu kiasi cha kuitisha serikali, na mwaka 1988, baada ya mgomo mwingine, kikafutwa. Miaka hiyohiyo serikali ilianzisha mabasi yake yenyewe, Nyayo Bus, kwa usimamizi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamekwama. KBS nayo ilinunuliwa mwaka 1991 na kampuni ya Stagecoach ya Scotland, iliyoiuza mwaka 1998.

Kufutwa kwa chama kuliacha stendi bila mwenyewe, na stendi haikai hivyo. Makundi ya vijana yaliyogawana njia, na baadaye kundi haramu la Mungiki, yaliwatoza wenye matatu ada ya kuingia katika njia na ada ya kila siku. Mwenye gari jipya alilipa maelfu ya shilingi kabla ya kupakia abiria wa kwanza. Asiyelipa alivunjiwa vioo au kupigwa, na wapo waliouawa. Leseni ya njia ilikuwa imerudi mitaani, safari hii bila stakabadhi, bila bodi na bila haki ya rufaa. Lawama ya matatu kwamba hazitaki kufuata sheria inapaswa kupimwa kwa ukweli huo: kwa miaka mingi waliokuwa wakizitoza ada kwa uhakika kila asubuhi walikuwa wale wasio na mamlaka yoyote.

Mabadiliko makubwa yalikuja na John Michuki, waziri wa uchukuzi katika serikali ya Mwai Kibaki. Kanuni zake zilichapishwa Oktoba 2003 kama Tangazo la Sheria namba 161 na zikaanza kutumika tarehe 1 Februari 2004. Kila gari la abiria lilitakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kilichofungwa kwenye kilomita 80 kwa saa, na mkanda wa usalama katika kila kiti. Abiria wa kusimama wakapigwa marufuku. Dereva alivaa sare ya buluu na makanga ya rangi ya damu ya mzee, kila mmoja na beji yake, na picha ya dereva ikabandikwa ndani ya gari mahali pa kuonekana. Mwilini mwa gari ulipakwa mstari wa manjano, na ndani ya mstari ikaandikwa njia ya gari hilo.

Mstari huo ulikuwa na uzito kuliko ulivyoonekana. Miaka 31 baada ya amri ya Kenyatta, njia ya matatu ilikuwa imerudishwa kwenye kumbukumbu ya serikali na kuandikwa ubavuni mwa gari, ili hata abiria na askari wajue kwamba gari la Kangemi halina kazi Umoja. Siku za kwanza za Februari 2004 magari mengi hayakuwa tayari, na maelfu ya watu walitembea kwa miguu kwenda kazini. Wengi wao waliziunga mkono kanuni hizo hivyohivyo, kwa kuwa ni wao waliokuwa wakifa katika ajali. Utekelezaji ulilegea baadaye, na michoro ya mapambo iliyokuwa imefutwa magarini ikarejea. Muongo mmoja hivi baadaye Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa aliyetoa msamaha wa 1973, alitoa tamko la kuwaruhusu vijana kuzipamba tena matatu zao. Naye, kama baba yake, alilegeza kanuni kwa neno la mdomo.

Bodi ya 1937 ilifikia mwisho kwa sheria ya 2012 iliyoanzisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Kanuni za 2014 zikafunga mlango wa mmiliki wa gari moja anayejitegemea: leseni hupewa chama cha ushirika, yaani sacco, au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Katika maisha ya kawaida, sacco ni mwavuli tu, na kila gari chini yake lina mwenyewe anayengoja fedha yake ya jioni. Hata hivyo gari linalotaka kuingia barabarani leo hupitia kwanza ukaguzi, kisha barua ya sacco, bima ya abiria na leseni ya njia, na stika zake hubandikwa kwenye kioo cha mbele. Dereva na makanga hulipia vibali vyao wenyewe.

Mwaka 2015 Uber iliingia Nairobi, na swali la 1973 likaulizwa upya: gari dogo linaloitwa kwa simu, lisilosimama stendi wala kufuata njia, liko chini ya kanuni gani? Kwa miaka kadhaa kampuni zilijieleza kuwa ni za teknolojia tu, huku madereva wakigoma mara kwa mara kwa sababu ya nauli na makato. Kanuni za NTSA za Juni 2022 zilitoa jibu. Kampuni ya programu hiyo lazima iwe na leseni yake yenyewe, kando na ile ya gari na ile ya dereva, na makato yake kwa kila safari yasizidi asilimia 18 ya nauli.